Mwalimu Ohm na Pikipiki ya Mjomba

Nilipoombwa na Chama cha Kiswahili niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, wenzangu walidhani nitaandika juu ya rais fulani au shujaa wa vita. Mimi nimemchagua mwalimu wa shule. Alikuwa Mjerumani, alifariki mwaka wa 1854, na jina lake tunalitaja karibu kila juma katika maabara ya fizikia bila kukumbuka kwamba liliwahi kuwa jina la mtu. Huyu si mwingine ila Georg Simon Ohm.

Kusema kweli, nisingemjali hata kidogo kama si pikipiki ya mjomba wangu.

Mjomba ni mwendeshaji wa bodaboda kule nyumbani, karibu na Kakamega. Likizo iliyopita nilimkuta amenuna kwa sababu pikipiki yake ilikuwa imegoma. Siyo kugoma kabisa. Akipiga teke, inawaka vizuri na kwenda. Lakini akibonyeza swichi ya stata, inatoa mlio mmoja mdogo wa ta! kisha kimya. Taa ya mbele inawaka, honi inalia, indiketa zinamulika. Ila akibonyeza stata, taa inafifia kama mshumaa unaopulizwa. Kila aliyepita pale stendi alitoa hukumu yake papo hapo kwamba betri imekufa. Mjomba akanunua betri mpya. Ta! Fundi mmoja akamwambia tatizo ni rilei ya stata, basi akanunua rilei. Ta! Tena akashauriwa afungue stata yenyewe na kubadilisha brashi zake. Hapo pesa zikawa zimekwisha, na mjomba akawa mtu wa kupiga teke asubuhi hadi jioni, na abiria wenye haraka wakipanda pikipiki za wenzake.

Mwishowe alimwendea mzee mmoja ambaye zamani alikuwa akitengeneza redio. Mzee hakufungua kitu. Alitoa mfukoni mita ndogo ya kupimia umeme, yenye nyaya mbili, mmoja mwekundu na mwingine mweusi, na katikati ina kitufe cha kuzungusha. Mimi nilichungulia nikaona pale kwenye duara pameandikwa V, A, na ile alama inayofanana na kiatu cha farasi, Ω. Nilimwambia kwa majivuno kwamba hiyo ni omu, kipimo cha ukinzani. Mzee akaniuliza kama ninajua Omu mwenyewe alikuwa nani. Nikanyamaza. Aliyoyafanya mzee yule nitayaeleza baadaye, maana hayawezi kueleweka vizuri mpaka tumjue kwanza mwenye jina.

Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen, ambao leo umo katika jimbo la Bavaria, Ujerumani. Baba yake, Johann Wolfgang Ohm, alikuwa fundi wa kutengeneza kufuli. Mama yake alikuwa binti wa mshonaji nguo. Walizaliwa watoto saba lakini walioishi ni watatu tu, yaani Georg, ndugu yake Martin na dada yao mmoja. Mama naye akafariki Georg akiwa na umri wa miaka kumi.

Sasa huyu baba ndiye wa kustaajabisha. Hakuwa amesoma chuo chochote. Baada ya kufua vyuma mchana kutwa alijifunza mwenyewe hisabati na sayansi kutoka vitabuni, kisha akawafundisha wanawe wawili mpaka wakawapita wenzao wa shuleni kwa mbali. Shule ya mji ule ilikuwa hodari kwa Kilatini na Kigiriki, lakini sayansi yake ilikuwa hafifu. Georg alipofika umri wa miaka 15, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Erlangen aitwaye Langsdorf alimpima kwa maswali marefu, akashangaa, akawafananisha vijana hao wa mfua kufuli na ukoo wa Bernoulli, ukoo wa Uswisi uliotoa wanahisabati wengi mashuhuri. Na hakukosea. Martin naye alikuja kuwa profesa wa hisabati.

Zaidi ya vitabu, baba aliwarithisha mikono. Georg alijua kukata chuma, kupiga tupa na kufunga skrubu ikakaza. Tafadhali msomaji likumbuke jambo hili.

Mwaka wa 1805 aliingia chuo kikuu pale pale Erlangen, na jamani, akaharibika. Wenzake walimwona kwenye dansi, kwenye mchezo wa biliadi na kwenye kuteleza juu ya barafu kuliko darasani. Baba, aliyekuwa akitoa jasho kwa kila senti ya karo, alikasirika akamwondoa baada ya mihula mitatu tu. (Kuna wenzangu fulani hapa shuleni ambao wangemwelewa vizuri sana huyu kijana, lakini siwataji.) Septemba 1806 alipelekwa Uswisi kufundisha hisabati katika shule moja huko Gottstadt. Alikuwa na umri wa miaka 17, umri wa wengi wetu, na tayari anaitwa mwalimu.

Miaka ile ya Uswisi ilimtuliza. Langsdorf alimshauri asome mwenyewe vitabu vya mabingwa wa hisabati kama Euler na Laplace, naye akafanya hivyo. Alirudi Erlangen mwaka wa 1811 na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo akapata shahada ya udaktari. Lakini shahada haikumpa ugali. Alifundisha chuoni mihula mitatu kwa malipo yasiyotosha, akaondoka. Mwaka wa 1813 alipata kazi katika shule duni mjini Bamberg, na shule hiyo ikafungwa mwaka wa 1816. Akahamishiwa nyingine iliyojaa wanafunzi kupita kiasi. Katika taabu hizo aliandika kitabu cha kufundishia jiometri, akampelekea mfalme wa Prussia muswada wake. Mambo yakamfungukia hapo. Septemba 1817 alipewa kazi ya kufundisha hisabati na fizikia katika shule ya upili mjini Cologne, ambayo zamani iliendeshwa na Wajesuiti.

Shule hii ilikuwa na maabara. Nadhani kama ingekosa maabara, leo mita ya yule mzee ingekuwa na jina la mtu mwingine. Tena Ohm alikuwa mwalimu mwema, kwa maana miongoni mwa wanafunzi wake wa Cologne alikuwamo Dirichlet, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ulaya.

Mwaka wa 1820 habari zilienea kutoka Denmark kwamba Oersted amegundua kuwa waya unaopitisha umeme huisukuma sindano ya sumaku. Wataalamu wote wakawa wanahangaika na nyaya na betri. Ohm naye, vipindi vikiisha, alijifungia maabarani. Swali lake lilikuwa la kawaida kabisa. Waya ukiwa mrefu, mkondo wa umeme unapungua. Je, unapungua kwa kiasi gani? Hakuna aliyekuwa na jibu la hesabu. Siku hizo hata maneno hayakuwa yametengana vizuri. Volti, mkondo, nguvu, yote yalikuwa yakichanganywa kama githeri.

Hapa ndipo hadithi ya Ohm inapofanana na ya mjomba mpaka nikacheka peke yangu.

Ohm alitumia betri ya siku zile, ya madini ya zinki na shaba ndani ya maji yenye asidi. Alifunga waya mmoja akapima, akafunga mwingine akapima. Lakini betri hizo zilikuwa na hila. Ukizifunga kwenye waya, nguvu yake inaanza kushuka yenyewe dakika hadi dakika, halafu ukiziacha kidogo zinapanda tena. Kwa hiyo alipoona mkondo umepungua hakuweza kujua kwa hakika kama ni kwa sababu ya waya mrefu au ni kwa sababu betri imechoka. Hata hivyo mwaka wa 1825 alichapisha matokeo yake, na kanuni aliyoitoa, yenye logarithimu ndani, haikuwa sahihi. Haraka haraka haina baraka, hata kwa daktari wa hisabati.

Wengi wangeishia hapo kwa aibu. Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, alimshauri aachane na betri kabisa, atumie umeme wa joto ambao Seebeck alikuwa ameugundua mwaka wa 1821. Umeme huu hupatikana hivi. Ukiunganisha metali mbili tofauti katika sehemu mbili, kisha sehemu moja ukaitia joto na nyingine ukaipoza, mkondo unapita. Mkondo wenyewe ni mdogo sana, lakini joto lisipobadilika nao haubadiliki.

Ohm akavua koti akawa mwana wa mfua kufuli tena. Alitengeneza kipande cha bismathi, akakifunga shaba kwenye ncha zake mbili. Ncha moja akaiweka katika maji yanayochemka na nyingine katika barafu. Maji yakichemka hayapandi joto zaidi, na barafu inayoyeyuka haipoi zaidi, hivyo chanzo chake cha umeme kikasimama imara kama mlingoti. Juu ya waya alining'iniza sindano ya sumaku. Mkondo ulipoisukuma, yeye aliisokota kamba yake ya metali mpaka sindano ikarudi pale ilipokuwa, akisoma kwa kioo cha kukuza. Kadiri alivyolazimika kusokota ndivyo alivyojua nguvu ya mkondo.

Kisha akachukua nyaya nane za shaba za unene mmoja. Mfupi kabisa ulikuwa na urefu wa inchi 2 na mrefu kabisa inchi 130. Januari 1826 alizifunga moja baada ya nyingine, akaandika, akarudia siku nyingine, akaandika tena.

Ngoja niwaeleze alichokiona, kwa sababu ndicho kilichonivutia kuliko yote. Waya wa inchi 130 ni mrefu mara 65 kuliko wa inchi 2. Mtu angetarajia mkondo upungue mara 65, sivyo? Haikuwa hivyo. Ulipungua karibu mara 7 tu. Ohm alifanya hesabu akagundua kwamba kila mara ilikuwa kana kwamba kuna waya mwingine wa kama inchi 20 uliofichika, ambao hakuufunga yeye. Ukiujumlisha huo na waya ulio wazi, unapata 22 kwa ule mfupi na 150 kwa ule mrefu, na hapo hesabu inakubali. Waya huo wa siri ulikuwa nini? Ulikuwa ni ukinzani wa kifaa chenyewe, yaani ile bismathi na shaba na sehemu zote zilizobaki za njia ya umeme. Katika kanuni yake aliupa herufi yake. Mkondo ni sawa na nguvu ya chanzo ikigawanywa kwa jumla ya ukinzani wote, ule unaouona na ule usiouona.

Darasani tunafupisha tukasema volti ni sawa na mkondo mara ukinzani, tunapata alama zetu, tunaenda chakula cha mchana. Lakini ule ukinzani uliofichika ndio uliommaliza mjomba pesa.

Sasa turudi kwa mzee. Jambo la kwanza, kama Ohm wa 1826, alitaka kuwa na hakika na chanzo. Aliweka mita kwenye volti, akagusa vichwa viwili vya betri. Ikasoma 12.6, na hiyo ni betri iliyojaa. Hakuridhika. Alimwambia mjomba abonyeze stata huku mita ikiwa pale pale. Ikashuka kidogo tu, mpaka 12.1. Mzee akaeleza kwamba betri iliyokufa kweli ingeporomoka hadi chini ya 10 stata inapobonyezwa. Hii haikuporomoka, kwa hiyo betri haina kosa. Mjomba aliitazama betri yake mpya kwa uchungu, akaulizia ile ya zamani iko wapi.

Jambo la pili ndilo lililonishangaza. Mzee aliacha waya mweusi wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, na mwekundu akaugusisha kwenye chuma cha injini, mahali palipo wazi pasipo na rangi. Mimi nilidhani anapoteza wakati. Hasi na injini si kitu kimoja? Vimeunganishwa kwa waya mnene wa ardhi, kwa hiyo mita inapaswa kusoma sufuri. Na kweli ilisoma sufuri. Lakini mjomba alipobonyeza stata, namba ziliruka hadi 4. Volti 4 zilikuwa zikipotea mahali ambapo kwa kawaida hazifai kupotea hata nusu volti!

Alifuata ule waya wa ardhi kwa kidole mpaka mwisho wake, pale unapofungwa kwa bolti kwenye chasisi. Kumbe miezi michache nyuma chasisi ilikuwa imepigwa rangi mpya, nyekundu ya kumetameta, na aliyeipaka alipaka mpaka chini ya bolti. Waya ukafungwa juu ya rangi. Umeme ulikuwa ukipita kwa tabu kwenye nyuzi za bolti peke yake, ambazo nazo zilikuwa zimeshika kutu kwa matope ya mvua zetu za Kakamega na maji ya kuoshea pikipiki kila jioni. Hapo ndipo ulipokuwa ule waya wa siri wa mjomba.

Kwa nini basi taa iliwaka vizuri? Hapa nilichukua kalamu nikafanya hesabu mwenyewe, na nawaomba mnifuate. Tuseme stata ilikuwa ikivuta ampea 40 wakati volti 4 zinapotea. Gawanya 4 kwa 40, unapata ukinzani wa omu 0.1. Ni kitu kidogo mno. Taa ya mbele ya wati 35 inavuta kama ampea 3 tu, na ampea 3 mara 0.1 ni volti 0.3, ambazo jicho haliwezi kuziona zikipungua. Lakini stata, ambayo ina kiu kubwa, inanyang'anywa volti 4 nzima, na kinachobaki kinatosha kuilizisha rilei ta! lakini hakitoshi kuizungusha injini. Na ile taa ilififia stata ikibonyezwa kwa sababu nayo inategemea bolti ile ile. Watu wa stendi waliona taa inafifia wakasema betri. Waliona sawa, wakasema vibaya.

Niliuliza kwa nini hakutumia ile sehemu ya Ω na kupima huo ukinzani moja kwa moja. Alinionyesha. Kwanza akatenganisha waya wa betri, kwa sababu mita ikiwa kwenye Ω hutumia betri yake ya ndani na haipaswi kuguswa na umeme wa nje, unaweza kuiunguza. Halafu akagusanisha ncha mbili za mita yenyewe, moja kwa nyingine. Ikasoma 0.4! Yaani nyaya za mita peke yake zina ukinzani kuliko ile hitilafu tunayoitafuta. Mita ingetuambia kwamba bolti ni nzima. Ndiyo maana alipima volti huku stata ikifanya kazi. Sehemu ya Ω alisema ni nzuri kwa kutafuta waya uliokatika kabisa, fyuzi iliyoungua, au swichi isiyoshika.

Dawa yake ilikuwa spana, kipande cha msasa na dakika kumi. Alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akasugua bolti na kichwa cha waya, akakaza, akapaka grisi kidogo juu ili maji yasiingie. Tukapima tena, volti 0.2. Mjomba akabonyeza na pikipiki ikanguruma kabla hajaondoa kidole. Nilimwona mjomba anataka kufurahi na kukasirika kwa wakati mmoja.

Wakati mjomba alipokea pikipiki yake siku hiyo hiyo, Ohm mwenyewe hakupokea shukrani zake kwa muda mrefu. Mwaka wa 1826 aliomba likizo ya mwaka mmoja kwa nusu mshahara, akaenda Berlin kukaa na ndugu yake Martin ili aandike. Kitabu chake juu ya hesabu za sakiti ya umeme kilitoka mwaka wa 1827. Alitumaini kitamfungulia mlango wa chuo kikuu. Badala yake kilipokewa kwa ubaridi. Wanafizikia wengi wa Ujerumani wakati ule hawakupenda kanuni za hisabati kuingizwa katika mambo ya umeme, na wengine hawakuzielewa. Mhakiki mmoja wa Berlin alikishambulia vikali mno. Nabii hakubaliki kwao. Machi 1828 Ohm alijiuzulu kazi ya Cologne, akabaki Berlin akifundisha vipindi vya hapa na pale katika shule za mji, mtu wa umri wa miaka karibu 40, bila mke wala mtoto, na bila kazi ya kudumu.

Miaka mitano ilipita hivyo. Mimi naiona ndiyo miaka migumu kuliko ile ya Bamberg, maana Bamberg alikuwa hajagundua kitu, lakini sasa alijua kwamba yuko sawa. Mwaka wa 1833 alipata kazi katika chuo cha ufundi cha Nuremberg, akatulia kidogo. Polepole watu wa nchi nyingine wakaanza kutumia kanuni yake kwa sababu kila walipopima iliwapa jibu. Lenz aliitumia kule Urusi. Pouillet wa Ufaransa alifanya majaribio yake mwenyewe akafika pale pale. Hatimaye mwaka wa 1841 Chama cha Kifalme cha London kilimpa Nishani ya Copley, ambayo ilikuwa heshima kuu ya sayansi, na mwaka uliofuata kikamfanya mwanachama wake wa kigeni. Waingereza walimpamba Mjerumani ambaye Wajerumani walikuwa wamemwacha akihangaika na vipindi vya kulipwa kwa saa!

Kuna jambo moja la kando ambalo lazima nilitaje ili mwalimu wetu wa fizikia asinikosoe. Mwingereza Henry Cavendish alikuwa ameligundua jambo hili hili kabla Ohm hajazaliwa, kwa kujipiga shoti mwenyewe na kukadiria uchungu. Lakini alikuwa mtu wa haya nyingi, akayafungia maandishi yake kabatini. Yalichapishwa mwaka wa 1879, wote wawili wakiwa marehemu.

Nchi yake ilimkumbuka mwishoni. Mwaka wa 1849 aliitwa Munich kuangalia vifaa vya fizikia vya Akademia ya Sayansi ya Bavaria na kutoa mihadhara, na mwaka wa 1852 akawa profesa kamili wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Munich. Cheo alichokitamani tangu ujana alikipata akiwa na umri wa miaka 63. Alikaa nacho miaka miwili tu. Alifariki tarehe 6 Julai 1854 na kuzikwa katika makaburi ya zamani ya kusini mjini Munich. Mwaka wa 1881 wataalamu wa umeme wa mataifa mbalimbali walikutana Paris wakakubaliana kwamba kipimo cha ukinzani kiitwe kwa jina lake. Ile alama ya Ω ni herufi ya mwisho ya Kigiriki. Herufi O ya kawaida ingechanganywa na sufuri.

Haya yote nilimsimulia mjomba jioni moja kabla ya kurudi shuleni, yeye akiosha pikipiki na kukwepa kwa uangalifu mkubwa ile bolti yenye grisi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu, kama mwalimu huyo alikuwa na pikipiki. Nikamwambia la, hazikuwapo. Pikipiki ya kwanza ya petroli ilitengenezwa huko huko Ujerumani na Daimler mwaka wa 1885, miaka 31 baada ya Ohm kuzikwa. Mjomba akatikisa kichwa, akabonyeza stata, akaenda zake stendi.